Kilima Kisicho na Alama

Kijijini, Alaska
9 Agosti

Kwa dada yangu mpendwa Hester,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini kifua chako kimepoa tangu theluji iyeyuke. Mimi ni mzima kwa rehema za Mungu, isipokuwa goti. Niwie radhi kwa ukimya wangu tangu tulipomzika mke wangu.

Dada, naandika kwa hasira, jambo ambalo walimu wetu wa misheni walitukataza. Juma lililopita jeshi lilitandaza ramani yake mpya ukumbini. Matangi ya mafuta, kiwanja cha ndege, shabaha za mizinga, vyote vimechorwa, hata daraja bovu la magogo. Barabara ya vifaru imepitishwa juu ya kilima alikolazwa mama, na kilima chenyewe hakina hata nukta. Nilivua kofia, nikamweleza mpimaji wao, Kapteni Pruitt, kwamba pale pana makaburi kumi na tisa, ingawa nyua za mbao zimeoza. Akanijibu kwamba picha za ndege na karatasi ya wapimaji wa zamani zinakubaliana: hapana kitu. Kana kwamba mama hakupata kuzaliwa.

Binamu yetu Olga alinisuta mbele ya watu: “Silas, misheni ilikufunza kuvulia kofia hata kisiki. Hebu bweka kidogo, ndugu yangu.”

Sikuweza, dada, na sababu nimekuficha miaka thelathini. Kiangazi kile nilichosema nakwenda kuvua samaki, niliwabebea wapimaji darubini yao ya miguu mitatu. Juu ya kilima kile wakaniuliza pana nini. Wajua enzi zile makaburi yetu hayakutajwa mbele ya mgeni. Nami nikaona kutomjibu mtu ni utovu wa adabu, nikasema: “Hapana kitu, bwana.” Wakaandika.

Juzi nilimrudia kapteni, nikamtajia wafu wetu wote kwa majina, mama kwanza. Kwa desturi yetu ruhusa ya kumtaja marehemu kwa jina ni yako, mkubwa wetu, nami sikuiomba. Unisamehe ukiweza. Akasema ndege itapiga picha mara ya mwisho mwezi huu, naye huchora kinachoonekana tu.

Basi nimehamia kilimani. Nimefyeka vichaka, na kila kaburi nimelizungushia mawe meupe. Moto wangu hauzimwi, moshi uonekane. Jibu lako litume kwa Olga, atanipandishia huku.

Wasalimie wajukuu, uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako akuheshimuye,
Silas