Saa za Bata Wazamaji

Jumanne, 6 Mei 2025

Mvua imejaza bwawa la nyuma ya Kipungani na bata wazamaji wamerudi – ishirini na sita. Huu mwaka wa tisa nawaandika. Leo shemeji yangu Hamdu, ndugu wa marehemu mke wangu, alikuja kukaa nami kwenye matete. Alinicheka: nimemaliza kusomesha watoto, sasa nasomesha bata. Lakini aliuliza vizuri, nami nikiulizwa sijui kunyamaza. Nikamweleza yote. Alfajiri hadi saa moja wanazamia mizizi. Mchana wanalala katikati ya bwawa, vichwa mbawani. Saa kumi wanaanza tena, ukingo wa mashariki, penye kina. Chini ya maji hukaa sekunde ishirini. Thelathini nimeona mara mbili tu. Akanishukuru mno. Jumamosi anamwoza mwanawe Mahir. Nilidhani amekuja kupumzisha akili.

Alhamisi, 8 Mei

Homa kidogo. Sikwenda bwawani.

Ijumaa, 9 Mei

Alfajiri – bwawa tupu. Hata mmoja! Ukingo wa mashariki niliona maboya, nikavuta. Wavu wa samaki, umetegwa chini ya maji, pale pale nilipoonyesha kwa kidole. Ndani bata mmoja aliyesahauliwa. Shingo nzima, macho wazi, mdomo umejaa maji. Amekufa maji – yeye, mzamaji.

Nilimkuta Hamdu uani, manyoya hadi vifundoni. Akasema wavu ulilala majini jana tangu Alasiri hadi Magharibi. Bata ishirini na watano, wote amewapitishia kisu kwa bismillahi. Nikamwuliza, damu ilitoka? Ilitoka, akasema, kidogo. Nikamwambia kinachokufa maji kabla ya kisu ni mzoga, na sekunde thelathini hazifiki Magharibi. Alinitazama sana. Kisha, kwa upole:

"Mwalimu, watu mia wamealikwa, na mbuzi ni wawili. Ukiwaambia, utawaambia pia ni nani aliyenipa saa zao?"

Nikageuka, nikarudi nyumbani!

Jumamosi, 10 Mei

Saa saba na nusu. Tumeswali Adhuhuri. Imamu wetu, Bwana Khatib, alinishika mkono msikitini: mimi ndiye mkubwa wa ukoo, nisipoonja mimi hakuna atakayenyoosha mkono. Nikasema inshallah. Mdomo huu!

Nasikia masinia yakipangwa kwa Hamdu. Harufu ya pilau, iliki – na njaa imenishika. Naona haya hata kuiandika.

Hodi. Ni Hamdu, kanzu mpya, sahani imefunikwa kawa. Wageni wameketi, anasema, nangojwa mimi tu. Ameifunua mbele yangu, juu ya daftari karibu. Paja.

"Wa kwanza ni wako, Mwalimu. Khatib ameuliza ni ndege gani hawa. Nimemwambia ajuaye ni wewe."

Khatib yuko nyuma yake, anavua viatu. Anatabasamu – anajua napenda kuulizwa.