Trekta Kwenye Njia ya Baiskeli

MAELEZO YA SHAHIDI ALIYEFIKA KITUONI KWA HIARI YAKE

Jina analojulikana nalo: Mama Pazia
Umri: miaka 61
Kazi: mshonaji wa mapazia
Makazi: nyumba ya ghorofa nyuma ya soko la mbao
Kuhusu: dereva wa trekta aliyeko mahabusu, anayetuhumiwa kuvunja kizuizi na kuendesha chombo cha moto kwenye njia ya baiskeli

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa miguu yangu, nikiwa na akili zangu timamu, na nimemwomba afande aandike polepole kwa sababu nataka yote yaingie. Huyo mtu mliyemfungia humo ndani ndiye sababu ya mimi kutokuwa mjane leo.

Nianze na njia yenyewe. Miaka mitatu iliyopita basi dogo lilinipitia ubavuni nikiwa kwenye baiskeli, likanitupa mtaroni pamoja na mapazia ya mteja. Mfupa uliovunjika ulipona, woga haukupona. Nikisikia injini nyuma yangu, mikono inakufa ganzi. Mume wangu, ambaye ni kinyozi mstaafu, hakunicheka wala hakuniambia nijikaze. Aliwauliza wateja wake wa zamani mmoja mmoja, mpaka akapata habari ya njia isiyoruhusu magari. Ni reli ya zamani iliyong'olewa, ikamwagwa changarawe, na inapita katikati ya mashamba ya mizabibu kutoka kiwanda cha mvinyo hadi mjini. Tangu hapo kila msimu wa mavuno tunafunga nyumba, tunapanga chumba kwenye nyumba ya wageni, tunaendesha siku nzima. Husikii kitu ila mnyororo wa baiskeli yako, ndege, na wavunaji wakitaniana huko katikati ya mistari. Mimi hata mvinyo sinywi. Nafuata ukimya tu, na ukimya huo ni zawadi ya mume wangu kwangu.

Mimi hutangulia, yeye hufuata nyuma, ili nikisikia chochote mgongoni nijue ni yeye. Kwa hiyo namwita Mkia. Yeye hujibu kwamba ng'ombe asiye na mkia huliwa na nzi. Kila penye kona hupiga kengele mara moja, maana yake niko, nami humjibu kwa yangu.

Mnamo tarehe 14 mwezi wa tisa, yaani jana, majira ya saa nne asubuhi, tulisimama kwenye geti la kiwanda cha mvinyo. Mwanamke anayeuza pale alitujazia chupa zetu juisi ya zabibu iliyokamuliwa asubuhi hiyo. Mume wangu hakufunika chupa yake. Nilimwambia afunike, nyigu ni wengi wakati wa mavuno. Akasema nyigu nao ni wageni kama sisi, niwaache wanywe. Mume wangu ndivyo alivyo.

Tulipokaribia handaki sikusikia kengele yake. Nikadhani amesimama kupiga soga na wavunaji. Kinyozi hastaafu mdomo. Nikaingia handakini, nikatokea upande wa pili, nikaendelea taratibu.

Afande ameniambia nisiseme nisichokiona. Basi nitasema kwanza nilichokiona, halafu nilichoambiwa, na atatenganisha mwenyewe.

Nilichokiona ni hiki. Nikiwa nimetoka handakini, nilisikia injini nyuma yangu. Nikashuka, nikageuka, nikaona taa za trekta ndani ya lile giza. Kando ya njia pale kuna ubao wa njano ulioandikwa: Ukiona chombo cha moto, piga namba hii. Sisi watu wa njia ile namba hiyo tumeihifadhi kwenye simu, na tunasifiana tukiipiga. Mimi mwenyewe niliwahi kumpigia muuza mikate aliyepita na pikipiki. Basi nikawapigia walinzi wa njia. Nikasema kuna trekta limeingia njiani, waje upesi, na waje na polisi. Hilo la polisi nililiongeza mimi, hakuna aliyeniuliza.

Halafu nikaikingamisha baiskeli yangu katikati ya njia, nikainua mkono. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Trekta likasimama. Dereva ni mtu mzima, amevaa fulana tu, koti hana. Nikaanza kumsomea sheria. Nilimwambia hii ni njia ya watu, si shamba la baba yake, na kwamba wengine tumekuja hapa ili tupumue.

"Mama, naomba njia," alisema. "Nimebeba mgonjwa."

Nilimjibu kwamba kila mvunja sheria ana mgonjwa wake.

Ndipo nilipoona kibanio cha nguo. Kilikuwa cha bluu, kwenye pindo la suruali ya mtu aliyening'iniza mguu kando ya tairi kubwa. Kibanio kile ni cha kamba yangu ya kuanikia. Kila tukisafiri mume wangu huiba kimoja, akabana suruali yake isiingie kwenye mnyororo, na kila tukirudi namgombeza. Nikainua macho. Dereva alikuwa amemfunga mume wangu mgongoni kwake kwa lile koti ambalo hakulivaa. Uso ulikuwa umefura mpaka macho yamebaki mstari, na pumzi yake ilikuwa inapiga mluzi.

"Huyo ni mume wangu," nilisema.

Dereva alininyooshea mkono. Hakunikumbusha niliyoyasema.

"Basi panda, Mama. Mshike kichwa kisilale."

Nilipanda. Baiskeli niliisukuma kando, mpaka sasa sijui iko wapi. Chuma kilitetemeka chini ya miguu yangu, moshi ukaniingia puani, na mimi niliyekimbia injini miaka mitatu nikaomba injini ile iongeze kasi. Naomba hilo liandikwe kama nilivyolisema.

Zahanati ya mjini iko pale njia inapoishia. Daktari alimchoma mume wangu sindano palepale mlangoni, kabla hata ya kitanda. Baadaye alinieleza kwamba koo lilikuwa limebakiza nafasi ndogo sana, na kama wangezunguka kilima kwa barabara ya mashamba, angepokea maiti. Dereva alibaki kizingitini. Aliniuliza jambo moja tu, kama mzee anapumua. Nikasema anapumua, nikakimbilia ndani. Sikumwambia asante. Nilipotoka hakuwepo, nikadhani amerudi kwenye zabibu zake.

Sasa niliyoambiwa. Mume wangu ameamka leo na sauti ya kukwaruza, na maneno yake ni haya. Nyigu aliingia kwenye chupa, naye akanywa bila kuangalia, akaumwa kooni. Kupiga kelele alishindwa. Akaanguka na baiskeli yake, akashika kengele, akaipiga bila kuacha. Mimi nilikuwa nimeshaingia handakini. Aliyeisikia ni dereva, ambaye alikuwa amezima trekta ili wavunaji wapakie. Alitoka katikati ya mizabibu akikimbia. Penye kuingilia njia kuna mnyororo na kufuli, na ufunguo hukaa kwa walinzi wa njia mjini. Akalifungua tela lililojaa zabibu kutoka kwenye trekta, akaliacha juani, akaukata mnyororo kwa trekta.

Leo asubuhi nilikwenda shambani kumtafuta nimshukuru. Nilikuta kina mama watatu wakivuna. Walinieleza kwamba yuko ndani tangu jana, alikamatwa nje ya zahanati, na kwamba mwenye shamba anasema asipotoka leo ataweka dereva mwingine, maana mavuno hayasubiri. Mmoja akasema yote haya ni kwa ajili ya mwanamke mmoja asiye na huruma aliyepiga simu. Nikawaambia mwanamke huyo ni mimi. Kisha yule yule aliyesema akapindua ndoo yake, akaniambia nikae kwanza, dada, ninywe maji. Nililia pale kama mtoto, sioni aibu kusema.

Husemwa shukrani ya punda ni mateke. Mimi nilitoa mateke kabla ya shukrani, na shukrani bado ninayo, imenikaa hapa kifuani.

Nikiulizwa kama mtuhumiwa aliendesha trekta kwenye njia ya baiskeli, najibu ndiyo, nami nilikuwa juu yake. Nikiulizwa kama mnyororo ulikatika, najibu ndiyo, na mpya nitaununua mimi. Nikiulizwa kama bado nina malalamiko dhidi yake, najibu sina, nayaondoa yote. Naendelea kuamini kwamba magari yasipite njia ile. Lakini kama kuna sheria inayosema mtu yule aliikosea, basi mniandike na mimi, kwa sababu nilimsihi akanyage mafuta.

Niliyoyaona, niliyoyafanya na niliyoambiwa ni hayo. Nimesomewa, ni kweli tupu, na naweka mkono wangu hapa.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA: Nimeyaandika haya saa tano asubuhi, tarehe 15, nikamsomea shahidi naye akakubali. Kwa kuwa mlalamikaji ameondoa malalamiko yake, na daktari wa zahanati amethibitisha kwa simu, nimemwachia dereva kwa dhamana na shahidi amemdhamini. Dereva alipotolewa aliuliza kama mzee anapumua. Shahidi alimshika mikono yote miwili, akamwambia asante. Nilijitolea kumpeleka shahidi zahanati kwa gari la kituo, akakataa. Baiskeli yake, iliyoletwa na walinzi wa njia, imefungwa nyuma ya trekta lililokuwa limezuiwa hapa kituoni. Wameondoka kwa barabara ya magari, dereva kwenye usukani, shahidi nyuma yake. Shahidi alisema leo mkia ni yeye.