Kabati la Jirani wa Juu

Shoga, nimetoka kwa yule mama wa juu, yule anayeburuta kabati kila asubuhi. Mikono inaniuma hata kuandika ni shida.

Nilipanda na ustaarabu wangu wote. Nikamuuliza, "Mama, hilo kabati leo linasafiri kwenda wapi?"

Akacheka. Akanishika mkono. "Afadhali umekuja, mwanangu. Shika upande ule, nifagie nyuma yake."

Mimi, shoga. Niliyekwenda kulalamika. Nikashika upande ule.

Tumeliburuta mpaka dirishani, tukalirudisha. Eti nina nguvu, mashallah.

Mara ujumbe wa mume wangu kutoka chini: "Bado hujafika kwake? Leo amezidi, utadhani wako wawili."

Nikamjibu bado napanda ngazi.