Nyumba ya Haraka

Sori Beach, Karungu,
Kaunti ya Migori.
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa Mama Mdogo Nyasuguta,

Shikamoo, mama. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na Baba Mdogo na wajukuu, na kwamba joto la Tanga halijakuyeyusha huo mwili wako, maana bado tunauhitaji. Goti linaendeleaje? Na mzee, bado anaamka alfajiri kama yuko kambini ilhali jeshi lilishamstaafisha zamani? Mpe pole zangu kwa kukosa mtu wa kumpigia saluti.

Huku watoto ni wazima. Levis yuko shuleni Rongo, amerefuka hadi suruali zimekuwa za kuchekesha. Gati ameng'oka meno ya mbele na siku hizi anacheka ameziba mdomo kama bibi harusi. Chrispine naye ni mzima, bado anatengeneza mitumbwi ya watu hapa ufuoni.

Mimi nilikuambia kwa simu kwamba niko sawa. Siko sawa, mama mdogo. Nimeamua kuandika kwa sababu tukiongea kwa simu Gati huwa ameniegemea ili aisikie sauti yako, na haya si ya kusikiwa na mtoto. Kaka yangu Werema atavuka mpaka wa Sirare Alhamisi kwenda huko kwenu, nitampa bahasha aikabidhi mkononi mwako.

Unajua walinikata titi la kushoto, nikamaliza zile dawa za mshipa, nikamaliza na mionzi kule Kisumu. Kanisani walinisimamisha mbele wakapiga makofi, wakasema Robi amepona. Nilishukuru Mungu kwa moyo wangu wote. Sasa nywele zimerudi, watu wakiniona sokoni wanadhani mambo yamekwisha, na mimi nimechoka kuwaambia kwamba hayajaisha.

Kifua kinabana. Nikiamka ni kama mtu amenifunga leso kifuani nikiwa nimelala, akakaza fundo kwa goti. Ngozi ya pale imekuwa ngumu. Kutoka kwapani kuna uzi unaoshuka hadi kwenye kiwiko. Nikinyoosha mkono unauona umesimama chini ya ngozi. Mkono wenyewe ukipita bega kidogo tu unakataa. Gauni lenye zipu ya mgongoni nimempa mke wa jirani, mimi navaa dera kila siku. Hata lile titi la pamba ulilonishonea halikai mahali pake. Juzi nilikuwa nabishana bei na mteja, nikamwona ananiangalia shingoni. Kumbe limeshapanda huko. Tulicheka wote wawili, halafu nikaenda nyuma ya kibanda nikalia.

Kazi ya omena, hawa mnaowaita dagaa, ni ya mikono miwili. Unapokea karai la omena wabichi kutoka mtumbwini, unalibeba kichwani, unawatandaza kwenye nyavu, unawageuza jua likiwa kali, na wingu likitanda unawakusanya mbio. Mimi sasa nakaa tu pembeni nafukuza kunguru. Wenzangu wananigeuzia wa kwangu bila kunisema, na huko kutonisema ndiko kunakoniumiza.

Muuguzi wa kliniki ya Homa Bay, Sista Emmaculate, aliniambia kubana huku kunaweza kumkaa mtu muda mrefu baada ya kisu na mionzi, na kwamba si lazima iwe ugonjwa umerudi. Alinifundisha kusimama karibu na ukuta na kupandisha vidole polepole kama buibui, kila siku nifike juu zaidi. Nikawa natia alama ya mkaa pale vidole vinapofika. Ukuta wa chumba chetu hiki cha kupanga umejaa alama. Zilikuwa zinapanda, zikakaribia katikati ya dirisha, halafu zikasimama hapo hapo. Nimeacha. Kila nikivuta, nahisi ule uzi utakatika na kitu kibaya kitamwagika ndani.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kando ya kovu kuna kitu kigumu, kidogo kama punje ya hindi. Sijui kilikuwepo au kimekuja. Nakigusa nikioga, nakigusa nikipika, nakigusa kanisani chini ya Biblia. Siku nyingine kinaonekana kimekua, siku nyingine sikipati kabisa, na siku nisiyokipata naogopa zaidi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, wewe ndiwe uliyenifundisha hiyo. Basi mimi nalala juu ya huo unyasi.

Mama mkwe wangu Phelesia ananipenda, siwezi kusema uongo. Lakini ameniangalia mkono huu, akatikisa kichwa. "Robi, nyathina, mtoto wangu, hii mkono iko na macho ya watu," aliniambia. "Kuna mama anachanjanga chale kidogo tu, anapaka dawa, hiyo maneno inatoka." Nilikataa, kwa sababu Sista alinionya mkono huu usikatwe wala kudungwa, unaweza kuvimba vibaya. Mama hakukasirika. Nilimwona akimwita Chrispine nje, wakaongea muda mrefu karibu na pipa la maji.

Na hapo ndipo penye jambo lililonifanya nishike kalamu. Tangu wiki iliyofuata, Chrispine anajenga nyumba.

Wewe unajua tangu anioe tumekuwa tukiishi kwa kupanga hapa Sori, na boma la wazazi wake liko kule juu, mwendo mfupi wa pikipiki. Miaka yote hii nimemwomba anisimamishie nyumba yangu pale bomani. Mwaka huu mbao zimekwenda kwa mtumbwi wa mtu, mwaka ule karo. Nimelia, nimenuna, nimekataa kupika, wapi! Sasa nimesema tu kifua kinanibana tena, na mabati yamefika, nguzo zimechimbiwa, na mafundi wawili kutoka Mfangano wanakandika udongo. Kila jioni anarudi na tope hadi kwenye nyusi. Nikimuuliza haraka ni ya nini, ananijibu, "Wewe pumzika."

Sisi Wakuria tuna yetu, na Wajaluo wana yao. Huku mke aliyeolewa hazikwi akitolewa chumba cha kupanga. Lazima atoke kwenye nyumba yake, katika boma la mume. Na akifa kabla ya kuwa nayo, inasimamishwa upesi upesi ili apate mahali pa kutokea. Nimeyaona kwa macho yangu. Adhiambo, mke wa shemeji yangu, alifia Nairobi akiwa hana nyumba bomani. Mwili ukiwa bado mochari, wanaume walisimamisha nguzo, na sisi wanawake tukabeba maji ya kukandika. Tope lilikuwa bado bichi jeneza lilipoingizwa. Nilitoka pale na udongo wa nyumba ya marehemu kwenye kucha zangu.

Kwa hiyo mtu asiniambie nyumba ni nyumba. Naijua nyumba ya haraka.

Juzi niliingia chumbani nikamkuta Chrispine na futi yake ya useremala, amechuchumaa karibu na ukuta, anapima. Aliponiona aliikunja akaitia mfukoni, akatoka akipiga mluzi. Huyo ni fundi wa mbao, mama mdogo. Ufuo mzima wakifiwa wanamwendea yeye. Fundi anayepima akajificha, anampimia nani, na anapima nini?

Naogopa. Kliniki yangu ni Alhamisi, tarehe ishirini na saba, na nimeamua sitakwenda. Wakinigusa wakaipata ile punje, watasema lile neno tena, na mimi sina nguvu ya kulisikia mara ya pili. Afadhali nisijue. Najua utasema mficha maradhi kilio humuumbua. Acha kiniumbue.

Ombi langu ni moja. Mchukue Gati. Levis ni mkubwa, ana baba yake na shule yake. Lakini Gati bado anashika sikio langu ndipo apate usingizi. Mimi mama yangu aliponifia ulinibeba mgongoni hadi kwako, na sikumbuki hata siku moja ya kulala nikilia. Mtandikie kitanda kile cha dirishani nilichokuwa nalala mimi. Usimwambie Chrispine kwamba nimekuomba.

Siwezi kuendelea, mkono umekufa ganzi.

Jumatano

Mama mdogo, nilidhani nimemaliza, lakini sijafunga bahasha. Kuna la kuongeza.

Jana Mama Phelesia alinitumia pikipiki, akasema nyumba inataka macho ya mwenyewe kabla sakafu haijapigwa. Sikutaka kwenda. Nilijifunga leso, nikapanda, nikawa njia nzima nawaza mahali pale kando ya boma ambapo wangenichimbia. Nilikuwa nimeshapachagua mwenyewe, chini ya ule mlonge.

Nyumba ina vyumba viwili na jiko la pembeni. Nilisimama mlangoni. Halafu nikaona rafu za vyombo. Ziko chini. Rafu zote ziko chini, kama nyumba ya mtu mfupi, na mimi, wewe wajua, ni mrefu kuliko dada zangu wote. Komeo la mlango liko chini. Misumari ya kutundikia sufuria iko chini. Nikazunguka nyuma, nikakuta kamba ya kuanikia nguo imefungwa usawa wa kifua changu, hadi kuku wa mama mkwe wamekaa juu yake.

Nikamuuliza Chrispine, "Hii kamba mbona iko hapa? Nguo si zitagusa chini?"

"Sasa ukianika utapandia ngazi?" akasema. "Nilipima kwa makaa yako, pale kwa ukuta. Pahali vidole vinafika bila kulia. Kila kitu nimeweka hapo ama chini yake."

Nikaona nimwage yote. Nikamwambia nilidhani ananijengea mahali pa kutolewa maiti. Hakucheka, wala hakukana. Aliweka nyundo chini. "Mama ndiye alisema nyumba isimame, isije ikawa kama ya Adhiambo," akaniambia. "Nilikasirika sana. Halafu nikasema sawa, nitajenga. Lakini najenga ya mtu anapika. Mimi singeweza kukaa tu, Robi, ukiongea mambo ya kufa kila siku. Nilikuwa naogopa."

Kwa hiyo woga wangu haukuwa wa bure, umeona? Walikuwa wamenizika vichwani mwao, angalau mmoja wao. Mama Phelesia alikuwa amesimama pale, ameshika ndoo, hatazami mtu. Nimemkasirikia na nimemhurumia, yote kwa pamoja. Yeye ndiye aliyemwosha Adhiambo.

Lakini maiti haianiki nguo, mama mdogo. Nimeliwaza hilo tangu jana.

Nilimshika Chrispine kidole nikakiweka juu ya ile punje, kupitia dera, pale pale nyuma ya nyumba. Alisema hata yeye hajui ni nini. Halafu akasema Alhamisi hiyo ya kliniki atafunga kazi twende Homa Bay wote. Nimemkubalia, lakini usidhani nimekuwa jasiri. Kifua kinabana leo kama kilivyobana Jumapili, na kamba ya nguo haijui kilicho ndani yangu. Inaweza kuwa kovu. Inaweza kuwa lile lile. Sista akiingia na uso ule wao wa upole nitaanguka chini kabla hajafungua mdomo, na Chrispine wangu ataanguka nami, namjua.

Kwa hiyo nageuza ombi. Njoo wewe. Panda basi na goti lako hilo, uwe hapa kabla ya siku hiyo, uingie nami kwenye kile chumba, unishike mkono huu mbaya kama ulivyonishika nilipokuwa mdogo. Utalala kwenye nyumba mpya. Rafu zake zitakufaa wewe uliye mfupi.

Nisalimie Baba Mdogo na wajukuu wote, na Angwenyi jirani yenu, umwambie samaki wake sijamsahau. Mama Phelesia anakusalimu, hajui niliyoyaandika juu yake. Levis na Gati wanakuamkia. Mungu aliyekuvusha mpaka mara nyingi ukiwa umenibeba akuvushe tena salama, na akukute ukiwa njiani kuja kwangu.

Ni mimi mwanao ninayekupenda kuliko ninavyoweza kuandika,

Robi

Kile kitanda cha dirishani nilichokuomba umtandikie Gati, usikitandike kwanza.