Ngazi Niliyokuchorea

Tata, baba yangu,

Sauti niliyobaki nayo siyo yako. Ni ya kahawa ikimwagika kwenye sakafu ya saruji, punje kavu zikikimbilia chini ya meza, na wanawake wote wa uchambuaji wakizisikiliza bila hata mmoja kuinama kuziokota.

Ilikuwa wiki yako ya kwanza ya umeneja pale kwenye kiwanda cha kahawa. Ma Kokwijuka, mkubwa wa wachambuaji, alikuletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama alivyomkaribisha kila meneja kabla yako. Ukakipindua. "Hatutafuni mali ya umma," ukasema. Kahawa ile alikuwa ameichemsha kwake Kibeta pamoja na majani, na harufu yake inajulikana na mtoto yeyote wa Kihaya. Wewe ulizaliwa Muleba, ukakua ukiitafuna. Ulijua siyo ya kiwanda. Ulitaka wakuogope, wakakuogopa. Ma Kokwijuka peke yake alisema, taratibu, "Waitu, jamani, huyu amesoma mpaka amesahau kumeza." Hakuna aliyecheka mpaka ulipotoka.

Mameneja waliokutangulia walikuwa wakikaa na wachambuaji kabla ya kazi, wakitafuna punje mbili tatu, na hapo ndipo walipoambiwa mashine ipi inaunguruma vibaya na nani amefiwa. Wewe ulipiga marufuku. Badala yake ulitundika ukutani mchoro wa ngazi, pembeni ya bango la chama linalokataza viongozi kuwa mabwana: mchambuaji kwa mnyapara, mnyapara kwa karani, karani kwa meneja. Mchoro huo niliuchora mimi, likizo yangu ya kwanza kutoka chuo cha uongozi, nikitaka unisifu. Ulinisifu. Hata hilo sijakusamehe.

Kisha ukanifanya karani wako. Mvua za masika zilipoanza, Ma Kokwijuka akanijia mlangoni. "Mwana wange, paa la ghala linavuja juu ya magunia. Mwambie baba yako."

Nilikuambia siku ile ile. Hukuinua macho.

"Mnyapara amesema nini?"

Mnyapara alikuwa amekwenda kisiwani Goziba kumzika nduguye, na ziwa lilikuwa limechafuka, hakuna mashua iliyokuwa ikivuka.

"Basi tumsubiri. Tukiruka ngazi leo, kesho kila mtu atakuwa meneja."

Tulimsubiri. Magunia yakaota ukungu. Wakubwa walipouliza, ukamwachisha kazi Ma Kokwijuka kwa kosa la kutotoa taarifa. Barua niliichapa mimi. Nilikosea herufi mara mbili, nikaianza upya, kana kwamba usafi wa karatasi ndio uliokuwa na maana.

Tangu ulipokufa watu wanakusifu. Wanasema ulikuwa mtu wa nidhamu. Kaka anarudia kwamba marehemu hasemwi. Ma Kokwijuka alikuja matangani, akaketi nyuma kabisa, akaondoka bila kuonja chakula chetu. Siku hizo alikuwa akiuza ndizi Rwamishenye, kandokando ya barabara. Faili lilisema alinyamaza, kwa hiyo hakuna aliyetaka kumwajiri.

Nimejaribu kukuchukia wewe peke yako, Tata. Imenishinda. Mkono wangu umo katika kila karatasi uliyoitumia, na chuoni nilipata alama za juu kwa kueleza vizuri jinsi amri inavyoshuka. Hakuna aliyeniuliza jinsi neno linavyopanda.

Kwaheri. Kaburi lako pale migombani nitalipalilia. Huo ni wajibu wangu na sitaukwepa. Kukutetea, hapana. Juma lililopita nilisimama mbele ya kamati ya wafanyakazi, nikasema aliyeambiwa ni mimi, na jibu lako nikalitamka neno kwa neno. Nimeyaandika yote, nikatia sahihi, kisha nikaacha ukarani. Kaka hanisalimii. Faili limesahihishwa, na leo asubuhi Ma Kokwijuka ameingia tena kazini.