Saa nne na dakika ishirini nilisema "unasinzia"

Rumonge, Jumapili mchana. Mvua haijakatika tangu misa ya kwanza, barabara ya Bujumbura ni matope matupu, na mimi nimejifungia ndani. Nilitoka asubuhi mara moja tu, nikarudi mbio. Nje kuna watu, watu wanasalimia, na ukishasalimiwa unaulizwa kazini kuko namna gani.

Kazini kuko vibaya. Nimebanwa, na aliyenibana ni mimi mwenyewe.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni mkunga. Nazalisha katika hospitali moja ya huku kando ya Ziwa Tanganyika, jina nitaliacha, na majina ya watu nimeyabadilisha.

Mwezi uliopita walinipeleka Bujumbura siku tatu, mafunzo ya kusoma moyo wa mtoto aliye tumboni. Mwalimu alikuwa na wimbo mmoja, akaurudia hadi tukaanza kucheka. Msiseme moyo ni muzuri au mubaya, semeni mnachokiona. Mapigo ya msingi ni mangapi kwa dakika? Mstari kwenye karatasi unatikisika, au umelala? Mapigo yakishuka, yanashuka pamoja na uchungu, au yanachelewa, yanaanza kushuka uchungu ukiwa umefika kileleni na kurudi ukiwa umeshakwisha? Kila kimoja kina jina lake la Kifaransa, na jina ni lile lile Rumonge, Bujumbura, hata Ulaya. Daktari akilisikia kwenye simu ni kama ameishika karatasi yeye mwenyewe.

Nilirudi na daftari limejaa, kichwa juu.

Sasa, kwetu tuna maneno yetu. Tuliyapata kwa Mama Leokadia, mkuu wetu wa maternite, wodi ya kuzalia, ambaye alinifundisha kazi hii tangu sijui hata kushika mkasi. Kwa maneno yake moyo wa mtoto unacheza, unachoka, au unasinzia. Ukisinzia, ndiyo kusema mstari umelala, na dawa yake inajulikana: mama anapewa chai ya sukari nyingi, analala ubavu wa kushoto, tunangoja mtoto aamke. Mara nyingi anaamka kweli. Ndiyo maana neno limeishi miaka yote hii.

Wiki ya kwanza nilijaribu yale majina mapya. Ole wangu! "Jamani, mumpishe docta wa Bujumbura!" Huyo ni Sylvie, mwenzangu wa zamu, na Sylvie akicheka jengo zima linajua. Mama Leokadia hakucheka, na hapo ndipo iliponiuma zaidi. Alisema tu, "Binti yangu, watoto walizaliwa hapa hayo majina hayajafika."

Mimi ambaye kwetu wananiita mdomo, nikanyamaza. Daftari likaingia kwenye mkoba.

Alhamisi asubuhi akaja Neema. Anauza ndagala, dagaa wa ziwani, pale Magara, kwao ni Baraka, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, mimba ya kwanza. Mwanamke mcheshi, kati ya uchungu na uchungu alikuwa ananitania eti mimi nina mikono baridi kama samaki. Nikamfunga mashine tumboni.

Kabla ya saa nne mstari ukalala. Halafu mapigo yakaanza kushuka, na kila mara yalishuka kwa kuchelewa, yakarudi kwa kuchelewa. Mara ya kwanza nikadhani mkanda umelegea, nikaukaza. Mara ya pili nikamgeuza Neema kidogo. Ya tatu, ya nne. Ya tano sikuwa tena na cha kudhani. Jina lake nililijua, na maana yake: mtoto anakosa hewa. Nilikuwa nalo hapa, kwenye ulimi.

Nikampigia daktari, alikuwa anaona wagonjwa upande wa pili wa mji. Mama Leokadia amesimama kulia kwangu, Sylvie kushoto, na uso wa Sylvie ulikuwa umeshaanza kutafuta kicheko. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

Nikasema, "Docta, moyo wa mutoto unasinzia."

Akajibu, "Mpatie chai, mulaze kushoto. Nusu saa ikipita unipigie."

Yeye hakukosea. Alijibu lile neno nililompa.

Nilimpa Neema chai. Nilimshikia kikombe. Niliitazama ile karatasi ikitoka, na kila dakika ningeweza kuchukua simu. Sikuchukua. Kumpigia tena kungekuwa kukiri kwamba mara ya kwanza sikusema yote, na mbele ya wale wawili nilikosa nguvu. Mtu mzima! Wengine mdomo huwaponza, mimi niliponzwa na kunyamaza, na si mimi tu.

Maji yalipotoka ya kijani, ndiyo kusema mtoto ameshajisaidia humo ndani kwa taabu, nikapiga simu nikilia. Hapo nikasema kila kitu kwa jina lake, bila kusita. Daktari alifika kwa robo saa, akampasua. Robo saa! Hiyo ndiyo inanichoma. Hakuwa mbali. Alikuwa anangoja kuambiwa.

Mvulana. Hakulia. Tulimhangaikia muda mrefu. Sasa yuko kwenye kuveze, kile kisanduku cha joto, na oksijeni puani, siku ya nne leo, bado hanyonyi. Daktari anasema tungoje. Anavyolisema hilo tungoje anatazama sakafu.

Kesho kuna kikao juu ya faili la Neema. Jana Mama Leokadia alikuja hapa nyumbani, viatu mkononi kwa sababu ya matope, akakaa kwenye kiti changu kile kile anachokaa siku zote. Akasema niandike kwamba moyo ulisinzia, tukampa chai, baadaye ukabadilika ghafla. "Si uongo, binti yangu, nitakusimamia."

Angenitisha ningejua la kufanya. Mimi na vitisho tunaelewana. Lakini alikuja kwa mapenzi, akanipangusa machozi kwa kitenge chake, na nikamkumbatia. Na kweli si uongo! Neno lile ni pana hivyo, linatufunika sote, mimi, yeye, Sylvie, hata daktari. Tukiingia humo hakuna atakayetuona. Usiku mzima nilikuwa najisikia kama mtu aliyefungiwa na ndugu zake.

Basi leo asubuhi nikapita wodini. Nilijidanganya kwamba naenda kumsalimia tu. Neema amekaa kitandani, maziwa yamejaa, mtoto wa kunyonya hayupo. Mama mkwe wake kwenye mkeka pembeni. Neema akanishika mkono.

"Dada, weye ulikuwa pale. Wanasema ni yale mabeseni ya ndagala nilikuwa nabeba kwenye kichwa mpaka mwezi wa nane. Ati nilimuchosha mutoto. Ni kweli?"

Mama mkwe alinyanyua macho, akaningoja. Mkono wa Neema ulikuwa wa moto.

Nikasema, "Mungu ndiye anajua."

Aibu. Mungu anajua, sawa, lakini na mimi najua! Na yule mtoto wa watu akasema murakoze, asante dada, ubarikiwe. Nikatoka, nikarudi nyumbani mbio kwenye matope.

Kila siku tunawaambia akina mama wanaoona haya kuvuliwa kitenge: mficha uchi hazai. Tunasema huku tunacheka. Hakuna aliyewahi kutugeuzia sisi wenyewe.

Nimekaa mezani tangu saa sita. Ukurasa wa faili nimeshauandika, kwa majina yale ya Bujumbura, pamoja na saa zake: mstari ulilala tangu lini, mapigo yalichelewa mara ngapi, nilimpigia daktari saa ngapi na nilimwambia nini. Chini nimeandika, niliyaona haya kabla ya simu, sikuyasema. Nimeweka sahihi. Naogopa sana. Naweza kupoteza kazi, na Mama Leokadia anaweza asikanyage tena hapa kwangu. Hilo la pili ndilo naliogopa zaidi.

Lakini Neema, majina yale yatamsaidia nini? Kwake nimeandika kwenye karatasi nyingine, kwa lugha yetu, nimefuta mara nyingi hadi karatasi imetoboka:

Neema, kila uchungu ulipopita, moyo wa mtoto wako ulikuwa unachelewa kurudi. Niliuona mara tano. Niliogopa kuchekwa, sikumwambia daktari sawasawa, akachelewa kuja. Mabeseni hayana kosa. Wewe huna kosa.

Nitamsomea Neema, mama mkwe wake akiwa pale pale kwenye mkeka, naye asikie.

Kikao ni saa tatu. Kwa Neema nitafika saa mbili. Haya sitayabandika leo, yeye ndiye wa kwanza kuyasikia. Ukiwa unayasoma, ujue nimeshamwambia.