Lokiru wa Macho

Jumanne, 3 Septemba 1996. Lodwar

Mama ameanza tena. Nimeingia tu, hata salamu yangu ya ejok hajaiitikia, ananiuliza kama nimesikia: Lokiru daktari wa macho amerudi kutoka Nairobi, anakwenda Kakuma kupasua watu bure. Na Lokiru mkimbiaji ametajwa redioni. Na Lokiru wa kwaya – wimbo wake wa Pasaka sasa unaimbwa mpaka Kaaleng. Wote walizaliwa kwenye mvua ile ya sitini na moja, wakapewa jina la mvua, kama mimi. Mvua ilinyesha, kila boma likapata Lokiru wake. Wa kwetu akawa karani wa stoo ya vipuri vya pampu.

Mama hakusema hivyo. Alisema tu, na wewe una kazi, mwanangu, tumshukuru Mungu. Afadhali angenitukana!

Kesho naenda Kakuma na lori la vipuri.

Alhamisi, 5 Septemba. Kakuma

Nimefanya jambo la kijinga. Sijui nianzie wapi.

Mchana nilikaa kwa Nyuon, Msudani mwenye kibanda cha chai kambini. Akaniuliza jina. Lokiru. Akasimama! Lokiru gani – wa mbio, wa kwaya, au huyu wa macho aliyeingia jana? Maisha yangu yote swali hilo nimelijibu hivi: hapana, mwingine tu. Leo nilinyamaza. Nikaangalia chai. Nyuon akajijibu mwenyewe, "Daktari!" Akafuta kiti kwa shati lake, akaniketisha upya.

Ningeweza kusema. Mdomo nilikuwa nao.

Mara akaja msichana, Anyieth, anamwongoza bibi yake kwa fimbo, kila mmoja kashika ncha yake. Bibi anaitwa Abang. Mboni zote mbili nyeupe. "Haboba yangu haoni, miaka mingi," Anyieth akasema. "Daktari, wewe tazama."

Nikatazama! Nikatoa tochi ya stoo nikammulika. Geuka huku, geuka kule. Nikasema ni mtoto wa jicho, jambo ambalo kila mtu pale alikuwa analiona. Ningeishia hapo. Lakini sifa zilishanilevya, nikaongeza: msihangaike na foleni kwenye jua hili, bibi atachoka, nitawaita mwenyewe.

Abang akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema maneno marefu ya Kidinka. Anyieth akafasiri: anasema sauti yako ni nzuri, hata ukija usiku atakujua.

Nilifurahi. Naandika kwa sababu hakuna wa kusoma – nilifurahi sana.

Jumapili, 8 Septemba. Lodwar

Kanisani. Kwaya iliimba wimbo wa Lokiru. Najiambia wale watu watakuwa wamepanga foleni kama wenzao. Watu wazima wana akili zao.

Jumatatu, 9 Septemba

Hawakupanga.

Aregae, dereva wetu, amerudi kutoka Kakuma na kisa cha kuchekesha. Bibi mmoja kipofu kakaa kando ya uzio wa zahanati, kajifunika gunia kichwani. Kila anayemwambia apange foleni anamtishia kwa fimbo: Daktari Lokiru alisema ataniita. Jumamosi madaktari wakamaliza, wakafunga vyombo, gari likampita pale pale. Bado amekaa! Aregae alicheka mpaka machozi.

Nami nikacheka. Kisha nikafunga stoo, nikaenda hospitali.

Nimeulizia. Daktari yuko hospitali hapa Lodwar mpaka Alhamisi asubuhi, kisha anapanda ndege. Kurudi ni mwakani. Nimemwomba Aregae kesho twende wote. Kaniuliza kuna nini Kakuma. Nimesema pampu.

Uongo mwingine huo. Sasa unatoka wenyewe.

Jumanne, 10 Septemba. Kakuma, kisha Lodwar

Nilikuja kusema ukweli. Naapa. Njia ya mwongo ni fupi, basi nifike mwisho wake nipumzike.

Anyieth aliniona kabla sijashuka. Akaja mbio. "Nimewaambia! Wao nacheka mimi, nasema daktari amesahau wewe. Mimi nasema Lokiru hapana sahau mtu!" Watu wakatoka kunitazama. Nyuon akapiga makofi.

Nikamwambia amlete bibi, twende Lodwar.

Hata kibali cha kutoka kambini Anyieth alikipata haraka, maana aliwaambia ofisini kwamba Daktari amekuja kumchukua bibi mwenyewe. Ofisa akanipa mkono. Ningesema kweli, kibali kingetoka? Sijui. Huenda natafuta pa kujificha tu. Nikajiambia nitasema njiani.

Njiani Abang aliimba. Tumefika Lodwar jua linazama, watalala kwa mama. Mama anawauliza mmejuanaje na mwanangu, na mimi nadakia nijibu kabla ya Anyieth!

Jumatano, 11 Septemba. Lodwar, hospitali

Naandikia magotini, kwenye benchi.

Daktari nimemwambia yote. Nilimfuata peke yake mlangoni. Mficha uchi hazai, nikayamwaga. Hakunigombeza. Aliuliza tu nilimmulika kwa tochi gani. Ya stoo, nikasema. Akainamisha kichwa kidogo, kisha akaniuliza mama yangu hajambo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Amekubali kumpasua leo, wa mwisho, kabla jenereta haijazimwa. Akatoka, akamsalimu bibi kwa upole, akasema yeye ndiye Daktari Lokiru. Abang akausukuma mkono wake. Anyieth akafasiri, aibu imemjaa: "Haboba anasema wewe hapana Lokiru. Sauti ya Lokiru anajua. Yeye nataka ile Lokiru yake."

Na mimi, mjinga, nikakohoa. Fimbo ikanyooka kuelekea kifuani kwangu.

Daktari akaniita pembeni. Hampasui mtu asiyekubali. Mwambie wewe, akasema, kwa sauti hiyo hiyo.

Anyieth ameenda kuleta chai. Abang amekaa ubavuni kwangu, kashika shati langu. Anasikia kalamu inavyokwaruza na anatingisha kichwa, ameridhika. Nadhani anafikiri namwandikia dawa.

Nimepanga maneno mara nyingi. Mimi si daktari. Mimi ni wa stoo. Yule ndiye. Ni mafupi. Lakini Kidinka sikijui! Kila nitakalosema, Anyieth ndiye atakayemwambia bibi. Itabidi alitamke kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba wale waliomcheka kambini hawakukosea.

Anarudi. Ana vikombe viwili, bibi yake hajampa. Cha kwanza ananinyooshea mimi.

"Daktari," anasema, "shika, moto."

Nimeshika. Nasema, Anyieth, kaa kwanza, kuna neno nataka umfasirie bibi. Amekaa. Anatabasamu, ameniinamia, anangoja. Naweka kalamu chini.